Sifa kwa Ijara: Juu ya Filamu za Matangazo na Mafundi Wake

Wahakiki wa fasihi wana desturi ya kuipima kazi kwa urefu wa pumzi yake. Riwaya huandikiwa kitabu kizima, tamthilia hupewa sura, shairi hupewa kurasa chache. Na senema, tangu ilipokubaliwa kuketi katika baraza la sanaa, imepata wanazuoni wake na majarida yake. Lakini iko filamu ambayo huonwa na watu wengi kuliko nyingine zote, hurudiwa mara nyingi kuliko shairi lo lote, na watoto huijua kwa moyo kabla hawajajua kusoma. Na katika maandishi yetu ya Kiswahili ni nadra kumkuta mtu aliyeketi akaihakiki kama kazi iliyotungwa. Nayo ni filamu ya tangazo la biashara. Mwanauchumi huitazama kwa ajili ya faida iletayo. Mwalimu wa maadili huilaumu kwa tamaa iamshayo. Sisi wa fasihi tumekuwa tukiipisha mlangoni kama mtu ampishavyo mchuuzi, bila kumtazama usoni.

Sisemi haya kwa kuitetea biashara, ambayo inao watetezi wa kutosha, nao hulipwa vizuri. Nasema kwa sababu filamu hiyo ni utungo wa sifa, na utungo wa sifa ni katika aina za kale za fasihi yetu na ya mataifa mengine. Kila sifa inayotungwa kwa ijara huleta maswali mawili ambayo mhakiki hawezi kuyaepuka: la kwanza, sifa hii ni pambo au ni ushahidi, na la pili, kama ni ushahidi, shahidi ni nani. Nitayafuata maswali hayo ndani ya karakana ya wale wanaozitengeneza filamu zenyewe, maana nadhani majibu yamo humo kuliko katika hotuba za wanaozisifu na wanaozilaani.

Kwanza yafaa tujue kazi hutendwaje. Wengi hudhani kuwa mwenye sabuni ndiye atengenezaye filamu ya sabuni. Si hivyo. Katika Uingereza na Marekani, ambako desturi ya kazi hii ilikomaa kisha ikaenea kwingine, kazi imegawanywa kwa watu watatu. Wa kwanza ni mteja, yaani mwenye bidhaa. Yeye ana fedha na ana jambo analotaka lisemwe. Wa pili ni wakala wa matangazo. Yeye ana watu wawili, mmoja wa maneno na mmoja wa picha, ambao hukaa pamoja wakatunga wazo na kuandika mswada, nao mara nyingi huwa ukurasa mmoja tu. Wa tatu ni kampuni ya kutengeneza filamu. Yeye ana mwongozaji, ana msimamizi wa fedha na watu, na huwakodi wengine wote kwa siku chache: mpiga picha, fundi wa taa, mshona nguo, mjenzi wa mandhari, mpishi ambaye chakula chake hakiliwi. Kampuni hiyo haikubuni wazo, wala haina bidhaa. Imekodiwa kuyapa umbo maneno ya mtu wa pili yanayosifu mali ya mtu wa kwanza.

Wakala akiisha kukubaliana na mteja juu ya mswada, aghalabu huupeleka kwa waongozaji watatu wa kampuni tatu mbalimbali, na kila mmoja hutakiwa kuandika namna atakavyoufanya. Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi apaswapo kusimama kidogo. Andiko hilo la mwongozaji, ambalo huwa na kurasa kumi au ishirini pamoja na picha, ni aina ya fasihi ambayo sijaiona katika orodha yo yote ya aina za fasihi. Huandikwa kwa siku chache, mara nyingi usiku. Husomwa na watu wasiozidi kumi. Na likiisha kazi yake halisomwi tena na mtu. Ndani yake mwongozaji hueleza mwanga utakuwa wa saa ngapi, uso wa mama utakuwa uso wa namna gani, kikombe kitawekwa mezani kwa sauti au bila sauti. Hueleza filamu ambayo bado haipo kana kwamba ameiona jana. Tena hulazimika kuusifu mswada wa wakala huku akiubadilisha, na kuubadilisha bila mwenyewe kujisikia amebadilishiwa. Katika waandishi wote ninaowajua ni waombaji wa kale wa nyumba za wafalme tu waliohitaji adabu ya kalamu kama hiyo. Wawili kati ya hao watatu hushindwa, na maandiko yao hutupwa. Kumbe pengine filamu bora ilikuwa ni ile iliyokufa katika karatasi.

Pamoja na andiko huenda makadirio ya gharama, na hapo hapana ushairi. Kila siku ya kamera ina bei yake, kila farasi, kila mtoto ambaye sheria hairuhusu afanye kazi zaidi ya saa kadha wa kadha. Mvua ni adui ambaye mkataba humtaja kwa jina, na huandikwa mapema nani atalipa ikiwa itanyesha. Mshindi akiisha kupatikana, hufanywa kikao cha mwisho kabla ya kupiga picha, ambapo mteja, wakala na kampuni hukaa meza moja wakapitisha kitu kimoja kimoja: nguo hii, ukuta huu, mkono huu utakaoshika chupa. Kilichopitishwa hapo ni sheria. Siku ya kupiga picha mteja na wakala huketi pembeni mbele ya televisheni ndogo inayowaonyesha kile ionacho kamera, na mwongozaji asikiapo minong'ono nyuma yake hujua kuwa jambo limeonekana ambalo halikupitishwa. Kisha filamu hukatwa na kuungwa, hutiwa sauti na muziki, ikarudi kwa wakala na kwa mteja. Na neno la mwisho ni la mteja. Mwongozaji wa senema kubwa huweza kupigania haki ya ukataji wa mwisho. Mwongozaji wa tangazo aliiuza haki hiyo alipotia saini.

Mtu aweza kusema kuwa kazi iliyofungwa kwa kamba nyingi hivyo haiwezi kuwa sanaa. Hoja hiyo ni dhaifu kwetu sisi ambao ushairi wetu ulikua ndani ya vina na mizani. Sekunde thelathini ni mizani. Lazima bidhaa ionekane, lazima jina litajwe, lazima mwisho ufike kabla ya tangazo la mtu mwingine kuanza. Na ndani ya ubeti huo mwembamba fundi hodari hupata nafasi. Wala kuagizwa hakukupata kuwa aibu. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728 kwa matakwa ya mtawala wa huko, na hatumwoni Bwana Mwengo kuwa mtunzi duni kwa kuwa aliagizwa. Ubaya wa filamu ya tangazo, ikiwa unao, hauko katika agizo.

Waingereza waliona tangazo la kwanza katika televisheni yao tarehe 22 Septemba, 1955, nalo lilikuwa la dawa ya meno iitwayo Gibbs SR, iliyoonyeshwa ikiwa ndani ya bonge la barafu. Lilikuwa tangazo la mtu anayesoma maneno huku picha ikimfuata. Miaka kumi na mitano baadaye sura ya kazi ilikuwa imebadilika kabisa, na waliobadilisha ni vijana wa kampuni hizi za filamu. Ridley Scott, aliyezaliwa South Shields, kaskazini-mashariki ya Uingereza, mwaka 1937, alianzisha kampuni yake mwaka 1968 pamoja na ndugu yake Tony. Alan Parker, Hugh Hudson na Adrian Lyne walipita katika chuo hicho hicho cha nusu dakika kabla ya kufanya senema ndefu. Walileta jambo moja jipya: waliacha kuieleza bidhaa, wakaanza kuijengea ulimwengu.

Mfano ulio mashuhuri ni filamu ya mkate wa Hovis iliyotengenezwa mwaka 1973 na kampuni ya Scott, yeye mwenyewe akiongoza, kwa mswada wa wakala aitwaye Collett Dickenson Pearce. Kijana mwenye kofia anasukuma baiskeli iliyojaa mikate kupanda mtaa mkali uliotandikwa mawe. Nyumba ndogo zimeshuka upande mmoja kama ngazi. Upande wa pili ni ukuta mkubwa wa kale. Mbele ya macho ni mabonde ya kijani mpaka ukungu unapoanza. Sauti ya mzee inasimulia: nyumba ya mwisho ya kupelekewa mikate ilikuwa juu kileleni, na kufika huko kulikuwa kama kufika juu ya dunia. Kisha kijana anashuka, miguu amenyosha, baiskeli ikikimbia yenyewe. Na chini mwokaji amemwekea chai na vipande vinene vya mkate wa moto. Mwisho sauti nyingine inasema kuwa mkate huo una kiini cha ngano kingi kuliko mikate ya kawaida, na kwamba manufaa yake leo ni yale yale ya siku zote. Mwaka 2006 Waingereza walipopiga kura walilichagua hili kuwa tangazo walipendalo kuliko yote.

Sasa tutazame limejengwaje. Mtaa huo ni Gold Hill, mjini Shaftesbury, katika jimbo la Dorset, kusini ya Uingereza. Muziki ni sehemu ya taratibu ya simfonia ya tisa ya Dvořák, mtu wa Bohemia, aliyoitunga Marekani mwaka 1893. Lakini muziki huo haupigwi na vinanda na zeze. Umepewa bendi ya matarumbeta, na bendi za namna hiyo katika fikira za Waingereza ni za kaskazini, za miji ya makaa ya mawe na viwanda. Basi mlima ni wa kusini, matarumbeta ni ya kaskazini, wimbo ulitungwa ng'ambo ya bahari, na aliyeviunga ni mtu wa kaskazini-mashariki. Hapana vitu viwili vilivyotoka mahali pamoja. Hata hivyo watazamaji walio wengi walikumbuka kuwa wamesikia lafudhi ya kaskazini, nao wakaapa, ilhali msimulizi anasema kwa lafudhi ya watu wa kusini-magharibi. Tarumbeta ziliwabadilishia masikio. Kila mmoja aliuona mji wake wa utotoni, pamoja na wale ambao utoto wao haukuwa na mlima wala baiskeli.

Huo ndio ufundi wa kampuni ya filamu, na ni haki kuutaja kwa jina lake. Mswada wa wakala ulikuwa na kijana, mlima na mkate. Ulimwengu haukuwamo. Ulitiwa na mtu aliyechagua saa ya mwanga, aliyeukubali ukungu, aliyejua kwamba baiskeli iliyosukumwa huonyesha uzito ambao maneno hayawezi kuuonyesha. Fasihi ina jina la kazi hiyo: ni kutunga. Tena ni utungaji mzuri. Kupanda ni kwa polepole na kushuka ni kwa ghafula, kama mishororo miwili yenye urefu mmoja na mwendo mbalimbali. Na chai haionyeshwi mpaka mtazamaji ameisha kuona baridi.

Lakini je, ni kweli? Kabla ya kujibu inatupasa kuvuka bahari kwenda Marekani, kwa sababu huko swali hili la ukweli wa filamu za matangazo lilifikishwa mbele ya mahakama, na majaji walilijibu kwa ukali wa fikira ambao wahakiki wangeuonea fahari.

Mwaka 1959 kampuni ya Colgate-Palmolive ilionyesha tangazo la sabuni yake ya kunyolea ndevu, Rapid Shave. Sabuni ilipakwa juu ya kitu kilichosemwa kuwa ni msasa, ule wa seremala. Papo hapo wembe ukapita, na msasa ukawa laini kama uso wa mtoto. Aliyeweza kunyoa msasa, ndevu zingemshinda nini? Uchunguzi ulionyesha kuwa kilichonyolewa hakikuwa msasa. Kilikuwa kioo cha plastiki kilichonyunyiziwa mchanga. Msasa halisi uliweza kunyolewa, lakini baada ya kulowekwa kwa muda wa dakika 80 hivi. Na msasa mwembamba uliolowa upesi zaidi ulionekana katika televisheni kama karatasi tupu. Wenye tangazo walijitetea kwa hoja ambayo kila fundi wa filamu ataifahamu. Walisema kamera ni mwongo kwa maumbile yake, na kwamba fundi hulazimika kudanganya jicho ili ukweli uonekane. Wakatoa mfano: aiskrimu huyeyuka chini ya taa kali, kwa hiyo watu hutumia viazi vilivyopondwa. Je, viazi navyo ni uwongo?

Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu tarehe 5 Aprili, 1965, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Earl Warren, na wenye sabuni wakashindwa. Juu ya viazi mahakama ilipambanua vizuri sana. Ikiwa katika filamu watu wanakula aiskrimu kwa furaha, na kwa kweli wanakula viazi, hapana aliyedhulumiwa, kwa sababu picha hiyo haikuletwa kuthibitisha sifa ya bidhaa. Lakini ikiwa viazi hivyo vinaletwa ili mtazamaji ashuhudie mwenyewe uzito na rangi ya aiskrimu inayouzwa, basi ni udanganyifu. Na mtu akiambiwa kuwa anashuhudia jaribio kwa macho yake, ana haki ya kuwa na jaribio mbele yake. Miaka michache baadaye supu ya Campbell ilishtakiwa kwa jambo la jamii hiyo: gololi za kioo zilikuwa zimetiwa chini ya bakuli ili nyama na mboga zisizame, zikae juu zikionekana nyingi. Kila kipande cha nyama katika picha kilikuwa cha kweli. Uwongo ulikuwa chini, mahali pasipoonekana.

Pambo na ushahidi: hapo ndipo mpaka ulipo, na mhakiki wa fasihi anaujua mpaka huo hata bila mahakama. Mshairi akisema mpenzi wake ni mwezi, hatumwiti mwongo. Akisema mpenzi wake aliniuzia shamba, twataka hati.

Turudi sasa Gold Hill. Kwa kipimo cha mahakama mlima ule ni viazi: haukuletwa kuthibitisha kiasi cha kiini cha ngano. Hakimu angeuachilia. Mhakiki hawezi kuuachilia upesi hivyo, kwa sababu ya yale maneno ya mwisho, kwamba manufaa ya mkate leo ni yale yale ya siku zote. Maneno hayo yanafunga kamba kati ya zamani tuliyoiona na mkate ulioko dukani. Zamani hiyo ilikuwa na mwokaji mmoja anayemjua kijana wake, na birika juu ya moto. Mwaka 1973 Hovis lilikuwa jina katika kampuni kubwa iliyoundwa mwaka 1962 kwa kuunganisha wenye viwanda vya kusaga na kuoka, Rank Hovis McDougall. Na mikate iliyo mingi ya Uingereza tangu miaka ya sitini ilikuwa ikiokwa viwandani kwa njia iliyobuniwa Chorleywood mwaka 1961, ambayo hukanda unga kwa nguvu za mashine kwa dakika chache mahali pa saa nyingi. Filamu haikusema uwongo juu ya hayo. Iliyanyamazia, na ikaujaza ukimya huo kwa matarumbeta. Hukumu yangu ni kwamba utungo ule ni mzuri mpaka sekunde zake za mwisho; hapo pambo linageuka kuwa shahidi bila kuapishwa. Kasoro hiyo si ya mwongozaji. Iko katika kiungo kati ya kazi yake na neno la mteja, na kiungo hicho ndicho mahali pa kutazama kila tunapohakiki filamu ya namna hii.

Filamu ya pili nitakayoitaja ilikuja miaka thelathini baadaye, na yenyewe imetungwa juu ya suala hilo hilo la ushahidi. Jina lake ni Cog, tangazo la gari la Honda Accord, lililorushwa mara ya kwanza tarehe 6 Aprili, 2003. Wakala alikuwa Wieden+Kennedy wa London. Kampuni ya filamu ilikuwa Partizan. Mwongozaji Mfaransa Antoine Bardou-Jacquet. Kwa muda wa dakika mbili twaona vipande vya gari vimetandazwa juu ya sakafu. Gurudumu dogo lenye meno linabingirika likagonga kipande kingine, nacho kinagonga cha tatu, na mwendo unapita kutoka chuma hadi chuma: waipa zinatambaa sakafuni kama wadudu baada ya kurushiwa maji, matairi yanapanda mteremko yenyewe kwa sababu yametiwa uzito ndani, mpaka mwisho gari zima linashuka polepole mbele yetu. Msimulizi anasema sentensi moja tu, naye anaisema kama mtu asiye na haja ya kumshawishi ye yote.

Wenye filamu walitangaza kuwa haikufanywa kwa hila ya kompyuta, bali kwa subira, na hesabu iliyoenea ni ya majaribio 606. Idadi hiyo ikaandikwa magazetini, ikasimuliwa, ikawa yenyewe sehemu ya tangazo: watu waliambiana habari za kutengenezwa kwa filamu kama vile habari za gari. Hii ni hatua mpya katika aina hii ya fasihi. Zamani kazi ya kampuni ya filamu ilikuwa kujificha. Hapa jasho lake limetolewa nje likawa sifa ya bidhaa. Watu wenye subira ya majaribio 606, yatuambia filamu pasipo kusema, ndio hao wanaounda gari lako. Kumbe wanaounda gari ni wengine, na waliosubiri ni wengine, waliokodiwa kwa muda. Subira ya fundi wa Partizan imeazimwa na Honda, kama vile ukungu wa Shaftesbury ulivyoazimwa na mkate.

Tena kuna kiungo. Filamu yaonekana kuwa pigo moja lisilokatika, lakini ni mapigo mawili, maana chumba hakikutosha urefu wake. Yameungwa pale bomba la moshi linapobingirika kukatiza sakafu. Je, hiyo ni msasa au ni viazi? Nadhani ni viazi, ila viazi vilivyokaribia sana mpaka. Kila kipande kiligongana kwa kweli, na hapana mtu atakayenunua gari kwa kutegemea urefu wa chumba. Lakini filamu ambayo fahari yake yote ni kutokatika imekatwa mara moja, na uzuri wake umetegemea jicho kutoligundua kovu.

Shtaka zito zaidi lilitoka upande mwingine. Mwaka 1987 wasanii wawili wa Uswisi, Peter Fischli na David Weiss, walitengeneza filamu ya nusu saa iitwayo Der Lauf der Dinge, ambamo matairi, ngazi, ndoo, moto na maji hufuatana kwa mwendo huo huo wa kimoja kusukuma kingine. Nayo pia ina tairi linalopanda. Ilipotoka Cog, wasanii hao walilalamika kuwa wazo lao limetwaliwa, wakatishia kwenda mahakamani. Walikuwa wameisha kukataa maombi ya watu wa matangazo waliotaka kuitumia kazi yao. Wenye Cog hawakukana kuwa waliijua filamu hiyo. Nimezitazama zote mbili mara nyingi, na maoni yangu ni kuwa mfano wa umbo ni mkubwa na mfano wa roho ni mdogo. Katika ile ya Waswisi vitu ni vichafu, vimechakaa, na kila kinaposita mtazamaji huogopa kuwa dunia itasimama. Uzuri wake ni kwamba mwendo hauna manufaa wala haufiki po pote. Katika Cog kila kitu ni kisafi na kina mwisho, na mwisho wake una bei. Wanafunzi wengi wangefurahi kusikia kuwa ile ya sanaa ni ya kweli na ile ya biashara ni ya hila. Haikuwa rahisi hivyo: ile ya nusu saa nayo ina maungio yaliyofichwa, tena si moja. Tofauti ni kwamba Fischli na Weiss hawakudai cho chote juu ya ubora wa ngazi yao.

Na tofauti ya pili ni jina. Watunzi wetu wa tendi walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni, jina lao na mara nyingine tarehe ya kumaliza. Wengi huisoma desturi hiyo kama unyenyekevu au kama majivuno. Mimi naisoma kama saini ya shahidi. Bwana Mwengo alipoisimulia vita ambayo hakuiona, mtawala aliyeagiza alijulikana, na mtunzi alijulikana. Msikilizaji angeweza kujua maneno haya ni ya nani, na fedha zilitoka mkono upi. Filamu ya tangazo huishia kwa jina moja tu, nalo ni la kitu kinachouzwa. Jina la mwongozaji halimo, la kampuni halimo, la aliyeandika sentensi halimo. Wenyewe kwa wenyewe wanajuana. Wana majarida yao na tuzo zao, na kijana wa kazi hiyo atakutajia ni nani aliyewasha taa katika filamu ya miaka arubaini iliyopita. Kwa mtazamaji hapana kitu. Sauti ya mzee wa mlimani haina mwenyewe, na neno lisilo na mwenyewe haliwezi kuulizwa swali.

Kwetu jambo hili lina sura yake. Baadhi ya filamu za matangazo tunazoziona katika Kiswahili zilipigwa picha nchi nyingine kwa lugha nyingine, kisha zikavikwa sauti ya Kiswahili mwishoni, vinywa vikisema hivi na masikio yakisikia vile. Aliyezitafsiri hupewa sekunde zilizokwisha kupimwa kwa sentensi ya kigeni, naye hulazimika kukata viambishi na kukimbiza silabi ili neno lifike kabla mdomo haujafungwa. Si ajabu Kiswahili hicho kinasikika kama mtu anayesema huku akikimbia. Naye hatajwi. Katika msururu mzima wa watu wasiotajwa, yeye ndiye wa mwisho na ndiye pekee ambaye kazi yake twaweza kuihukumu moja kwa moja kwa elimu tuliyo nayo. Hata hivyo sijaona uhakiki wa tafsiri hizo ulioandikwa kwa uzito unaostahili.

Filamu ya Hovis ilitengenezwa upya mwaka 2019. Taasisi ya Filamu ya Uingereza, ambayo huhifadhi picha za kale za nchi hiyo, iliisafisha picha kwa picha kutoka katika ukanda wake, na bendi ya matarumbeta ya Ashington, ya kaskazini, ikaurekodi muziki tena. Katika kumbukumbu za hazina kama hiyo kazi huandikwa pamoja na mwaka wake, mwongozaji wake na kampuni yake, kama ziandikwavyo kazi nyingine za senema. Kisha filamu iliyosafishwa ikarudishwa katika televisheni, ukungu ukiwa mweupe zaidi na mawe ya mtaa yakihesabika, na ikaishia, kama mwaka 1973, kwa jina la mkate.